DAFTARI LA ANWANI NI AMANA: TULITOE KATIKA KOMPYUTA YA MTU MMOJA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba wake na kila mwenye kufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Mwezi huu tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, tena la makatibu na vijana wa kompyuta tu. Nalo ni daftari la anwani za baruapepe za Waislamu wanaoshirikiana na msikiti wenu. Je, daftari hilo limekaa wapi? Nani analishika? Na siku mwenye kulishika atakapoondoka, kwa safari, kwa ugonjwa au kwa mauti, litabaki na nani? Rai yetu ni kwamba daftari hilo halifai kukaa ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Lihamishiwe katika seva ambayo kamati nzima inawajibika nayo. Lakini pia tunasema kwamba kulihamisha bila ya kulisafisha, na bila ya kuwataka idhini wenye majina, ni kuihamisha khiyana kutoka chumba kidogo kwenda chumba kikubwa.

YALIYOTUFIKA SISI

Haitupendezi kuwausia ndugu zetu jambo kabla ya kukiri kosa letu wenyewe. Kwa muda wa miaka minane kamati yetu ilikuwa na katibu mmoja, mtu wa bidii na ikhlasi, Allah amrehemu. Yeye ndiye aliyeandika barua zote, na yeye ndiye aliyekusanya anwani: za maimamu wa misikiti jirani, za walimu wa madrasa, za wazazi wa wanafunzi, na za ndugu walioko Muscat, Dubai na London ambao kila Ramadhani hutuletea sadaka zao. Anwani hizo zilipindukia mia sita. Zote alizihifadhi katika kompyuta ya nyumbani kwake, aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe. Nasi tuliridhika, kwani kila tulipokuwa na tangazo tulimpa yeye, naye akalipeleka usiku uleule.

Kisha mauti yakamfika ghafla, wiki tatu kabla ya Ramadhani. Tulimsalia, tukamzika, tukarejea makwetu. Hazikupita siku kumi tukajikuta tumesimama mlangoni kwa mjane wake, naye yumo katika eda, tunaulizia kompyuta. Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza. Kijana wake akatutolea kompyuta hiyo kwa adabu, lakini neno la siri la kuifungulia hakulijua mtu. Tukaipeleka kwa fundi. Fundi akaifungua, daftari likapatikana, nasi tukamshukuru Allah na kudhani kwamba mambo yamekwisha.

Hatukujua kwamba katika ile nafasi ya maelezo iliyo chini ya kila jina, marehemu alikuwa akiandika mambo ya kazi yake: nani kapewa mchele na mwezi gani, nani ana deni la ada ya madrasa, mjane yupi analipiwa kodi ya chumba. Wengine kati ya hao hawakuwa hata na anwani ya baruapepe, bali jina na namba ya simu tu. Aliandika kwa nia njema ili asisahau haki ya mtu. Lakini maandishi yale yalisomwa na fundi, au na mtu aliyekuwapo dukani kwa fundi. Baada ya wiki mbili mama mmoja akasikia habari za kodi yake zikitajwa bombani, kwenye foleni ya maji. Hakuja tena kuchukua alichokuwa akipewa. Akina mama wa jumuiya walipomwendea, aliwaambia kwamba njaa anaiweza, ila ile sauti ya bombani hakuiweza.

Ndugu zetu, Allah (S.W.) katika Suratul-Baqara, aya ya 273, amewasifu mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao na kuomba. Mama yule alikuwa miongoni mwa watu wa sifa hiyo, nasi tukamvua stara yake. Hatukumvua kwa ulimi, tulimvua kwa uzembe. Wala hatumlaumu marehemu. Lawama ni yetu sisi kamati, tuliomwachia mtu mmoja kubeba peke yake mzigo ambao ulikuwa ni wetu sote.

DAFTARI NI LA NANI?

Wapo wanaosema kwamba daftari ni la aliyeliandika, kwa kuwa ndiye aliyetaabika. Kauli hii haisimami. Kompyuta ilikuwa mali ya katibu, na warithi wake wana haki nayo. Ama majina yaliyomo ndani hayarithiwi, kwa kuwa hakuyamiliki. Muislamu anapoiandika anwani yake katika karatasi inayopitishwa baada ya swala ya Ijumaa, haigawi kama zawadi. Anaiweka kama amana, na kwa ajili ya jambo maalumu: apate habari za darsa, za mazishi, za michango ya msikiti. Kamati ndiyo iliyopokea amana hiyo, na katibu ni mkono wa kamati.

Hukumu ya amana inajulikana. Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na katika Suratul-Anfaal, aya ya 27, ametukataza kuzifanyia khiyana. Na wapokezi wa sira wametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) nyuma ili awarudishie watu amana zao, ilhali wengi wa wenye amana hizo walikuwa katika watu waliokuwa wakimfanyia uadui. Ikiwa adui amehifadhiwa amana yake hata siku ya kukimbiwa, je, ndugu yetu tunayepanga naye safu moja?

Mafakihi wamebainisha kwamba mwenye kuwekwa amana haimlazimu kuilipa ikiharibika bila ya kosa lake, lakini humlazimu pale anapofanya uzembe katika kuihifadhi, au anapoitumia kwa jambo asiloruhusiwa. Kila kitu kina mahali pake pa kuhifadhiwa. Dhahabu haihifadhiwi mahali pa kuni. Sasa tujiulize kwa insafu: kompyuta moja iliyo sebuleni, watoto wanaichezea, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, wezi wanaijua, na hakuna nakala nyingine popote, je, hapo ni mahali pa kuhifadhi majina ya watu mia sita?

Na katika mlango huohuo wa khiyana huingia jambo jingine tuliloliona kwa macho yetu: mtu kulichukua daftari la msikiti akawatangazia watu viwanja anavyouza, au akawaombea kura wakati wa uchaguzi. Aliyetoa anwani yake apate habari za jeneza hakuitoa auziwe kiwanja.

WALIOTUTANGULIA WALIKUWA NA DIWANI

Asidhani mtu kwamba kuandika majina ya Waislamu na kuyahifadhi mahali pa pamoja ni uzushi wa zama hizi za kompyuta. Umar bin al-Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake ulioanza mwaka wa 13 Hijria hadi mwaka wa 23 Hijria, ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la majina ya Waislamu waliostahiki kupewa fungu lao kutoka Baytul-Mal. Mali ilikuwa imekuwa nyingi na watu wamekuwa wengi, kiasi kwamba haikuwezekana tena kutegemea kumbukumbu ya kichwani. Wanahistoria wametaja kwamba kazi ya kuandika aliwapa watu watatu waliozijua nasaba: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Mtu mmoja hakupewa kazi hiyo peke yake. Wala daftari lile halikuwa la nyumbani kwa yeyote kati yao, bali lilikuwa la dola ya Waislamu. Neno hilo la diwani sisi Waswahili tumelirithi, na hata leo tunamwita diwani yule anayewakilisha watu wa kata yake katika baraza.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika. Imeamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa, na tena mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Aya hiyo imeteremka katika deni, wala hatudai kwamba imeteremka katika daftari la anwani. Lakini tunachukua mazingatio: haki ya watu huandikwa, huandikwa na muadilifu, hushuhudiwa na zaidi ya mmoja, na mwandishi hulindwa.

SEVA NI KITU GANI?

Kwa ndugu ambao hawakujishughulisha na mambo haya, tueleze kwa ufupi. Katika zama za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, wengi wetu tulitumia programu ya Outlook Express. Programu ile iliziweka anwani zote ndani ya faili moja lililokaa katika diski ya kompyuta hiyohiyo. Kompyuta ikiungua, faili limeungua. Kompyuta ikiibiwa, faili limeibiwa. Mpaka leo yapo madaftari mengi yanayowekwa kwa namna hiyo, iwe katika kompyuta au katika simu ya mkononi.

Seva ni kompyuta inayowashwa mchana na usiku kwa ajili ya kuzihudumia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Daftari likiwekwa humo, katibu, mhazini na imamu, kila mmoja akiwa mahali pake, wanaliona daftari lilelile. Katibu akisahihisha namba, na mhazini anaiona imesahihishwa. Tangu mwaka 2011 kuna utaratibu uliokubaliwa kimataifa uitwao CardDAV, ambao huziwezesha programu za watengenezaji mbalimbali kusoma daftari moja lililo katika seva, na programu ya Thunderbird, ambayo hutolewa bure, inao utaratibu huo ndani yake tangu mwaka 2021. Kwa hivyo jambo hili halihitaji mali nyingi wala mtaalamu kutoka nje. Linahitaji azma tu na mtu mmoja au wawili wenye maarifa.

HOJA ZA WENYE KUSITA

Tulipolileta jambo hili katika shura yetu, wazee na vijana walitoa hoja zao. Zilikuwa hoja nzito na zinastahiki kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya mzee wetu mmoja: seva si yetu, iko katika nchi za watu, na hatujui nani anachungulia. Je, si afadhali daftari likae kwetu, hata kama ni katika kompyuta mbovu? Hofu hii ni ya haki. Jumuiya ya Waislamu haina sababu ya kufanya uzembe kuhusu nani anaona majina ya watu wake. Lakini tulimjibu mzee wetu kwamba fundi wa mtaani alilisoma daftari letu nalo halijatoka nje ya mtaa. Mahali pa karibu si lazima pawe mahali pa siri. Kinga iliyo bora ni kuandika kidogo, ili hata likichunguliwa lisionekane ila jina na anwani. Tena ipo njia ya katikati: jumuiya kadhaa zenye kuaminiana zinaweza kukodi au kununua seva yao, wakaiendesha vijana wao wenye elimu hiyo, kwa sharti kwamba watakuwapo wa kuitunza mwaka baada ya mwaka. Seva iliyotelekezwa, isiyosahihishwa kasoro zake kila zinapogunduliwa, ni mlango uliobaki wazi usiku.

Hoja ya pili ilikuwa ya kijana: zama za baruapepe zimepita, sasa kila mtu yuko katika makundi ya simu, ya WhatsApp na mfano wake. Ni kweli kwamba tangazo la jeneza hufika haraka zaidi kwa simu. Lakini kundi la simu nalo limo mikononi mwa mtu mmoja au wawili, na kila aliyemo anaziona namba za wenzake wote, wake kwa waume. Ama hesabu za mwaka, barua kwa wafadhili, kumbukumbu za vikao na mawasiliano na ofisi za serikali, hayo bado huenda kwa baruapepe. Na swali letu ni lilelile, iwe ni anwani au ni namba: nani anashika, na baada yake nani?

Hoja ya tatu ndiyo iliyotugusa zaidi. Ndugu mmoja alisema kwamba kulitoa daftari mikononi mwa katibu ni kumtuhumu, na kumtuhumu muumini ni dhambi. Tunasema hapana. Katibu mwaminifu ndiye mwenye kuhitaji zaidi jambo hili. Daftari likipotea, atatuhumiwa yeye. Likivuja, atatuhumiwa yeye. Tunapoligawa jukumu tunamwondolea tuhuma, na huko ndiko kumlinda mwandishi asidhuriwe. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia hafai kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Je, katibu aliyeshika majina ya watu mia sita hana cha kuusia?

NAMNA YA KUHAMISHA

Kazi yenyewe hufanyika kwa siku moja au mbili, lakini ina mitego ambayo sisi tuliingia, na tungependa wenzetu waiepuke.

Kwanza, itolewe nakala kamili ya daftari kama lilivyo, iwekwe kando wala isiguswe. Huo ni ushahidi, na ndiyo marejeo kazi ikiharibika. Programu nyingi hutoa anwani kwa umbo la vCard au kwa umbo la jedwali. Umbo la jedwali ni jepesi kusomeka, lakini lina mtego wake: likifunguliwa katika programu ya mahesabu, namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, kwa kuwa programu hudhani ni hesabu ya kujumlisha. Tulipoteza namba zaidi ya mia moja kwa njia hiyo kabla ya kugundua, na laiti si ile nakala tuliyoiweka kando tungeanza upya. Vilevile yale makundi yaliyoundwa ndani ya daftari, kama kundi la walimu au kundi la wazazi, mara nyingi hayafuatani na majina, ila huundwa tena kwa mkono. Basi yaandikwe katika karatasi kabla ya kuhama.

Pili, ihadhariwe sana ile huduma ya kuunganisha majina yanayofanana. Programu ikiona Juma Ali na Juma Ali hudhani ni mtu mmoja na kupendekeza iwaunganishe. Sisi Waislamu majina yetu ni yaleyale yenye baraka, na katika msikiti wetu tuna Juma Ali wanne, mmoja wao ni mtoto wa mwingine. Wanazuoni wa Hadithi walilitambua tatizo hili kwa wapokezi, kwamba majina hulingana na watu huwa mbalimbali, na mmoja anaaminika na mwingine haaminiki. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka wa 463 Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya wapokezi wanaoshirikiana majina. Ikiwa wao walitaabika hivyo bila ya kompyuta, sisi tusishindwe kukaa saa moja baada ya Isha, wazee wakiwa pamoja nasi, tukaulizana huyu ni nani na yule ni nani.

Tatu, lihamishwe kwanza fungu dogo la majina kumi, litazamwe kama limefika salama, kisha ndiyo lihamishwe lote. Yahesabiwe majina kabla na baada, na hesabu iandikwe na kutiwa saini na watu wawili.

Nne, kila mtumishi apewe jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Wasiingie watu watano kwa neno moja, kwani likitokea kosa haitajulikana nani amekosea. Funguo kuu ya seva washike wawili wasio wa nyumba moja, na nakala ya neno hilo iandikwe, itiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, ikae katika sanduku la mhazini. Katibu akimaliza muda wake, makabidhiano yawe ya maandishi, na siku hiyohiyo ruhusa yake ya kuingia ifungwe, bila ya chuki wala kinyongo.

Tano, na hili wengi hulisahau: seva si nakala ya akiba. Kwa kuwa wote wanatazama daftari moja, mmoja akifuta jina kwa bahati mbaya, limefutika kwa wote. Hivyo kila mwezi itolewe nakala, ifungwe kwa neno la siri, iwekwe mahali pengine. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya yule aliyefundishwa amfunge ngamia wake kisha ategemee, inatosha kuwa hoja katika mlango huu.

Sita, baada ya kuhakikisha kwamba yote yamefika, daftari lifutwe kabisa katika kompyuta ya zamani, katika simu na katika vile vidude vya kuhifadhia vinavyoning'inizwa na funguo. Aliyehama nyumba na kuacha milango wazi hajahama salama.

YASIYOFAA KUHAMISHWA

Hapa ndipo ulipo moyo wa maneno yetu. Siku ya kuhama nyumba ndiyo siku ya kutazama nini cha kubeba na nini cha kuacha. Tuliporejea daftari letu tulikuta mengi yasiyostahiki kuwamo: majina ya waliokwishafariki, anwani za waliohama, na yale maelezo ya mafakiri.

Rai yetu ni kwamba habari za wanaosaidiwa zisiingie kabisa katika daftari la anwani. Allah (S.W.) ametufunza katika Suratul-Baqara, aya ya 271, kwamba kuidhihirisha sadaka ni jema, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na katika watu saba watakaopata kivuli Siku ya Kiyama, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, yumo aliyetoa sadaka kwa siri mno hata mkono wake wa kushoto usijue. Vipi basi mkono wa kushoto usijue, na seva ijue? Kumbukumbu hizo zishikwe na watu wawili wa kamati ya zaka, mahali pake pa peke yake, kwa alama badala ya majina.

Kisha waulizwe wenye majina. Allah (S.W.) katika Suratun-Nuur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba za watu mpaka tutake idhini na tutoe salamu. Barua inayoingia kwa mtu bila ya idhini yake inafanana na mgeni asiyepiga hodi. Baada ya kuhama tulimwandikia kila mmoja: anwani yako tunayo kwa ajili ya jambo hili na hili, je, unaridhia ibaki? Wapo waliokataa, tukawafuta, wala hatukuwauliza sababu. Na tukakubaliana kwamba tangazo likienda kwa wengi, anwani zao ziwekwe mahali pa kufichwa, ili asione mtu anwani ya dada au mke wa mwenzake asiyemhusu.

Na asiyetosheka na mawaidha, basi sheria za nchi nazo zimesema. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na Tanzania imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili huhesabu imani ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Na daftari la msikiti, kwa kuwa ni la msikiti, linatangaza imani ya kila aliyemo hata kama halikuandika neno jingine. Haipendezi Waislamu wakumbushwe na mahakama jambo ambalo dini yao iliwafundisha zamani.

WITO WETU

Tunaziomba kamati za misikiti zinazosoma jarida hili zifanye jambo moja tu kabla ya mwezi kuisha. Katika kikao kijacho, baada ya kufungua kwa dua, aulizwe katibu mbele ya wote, kwa upole: daftari letu liko wapi, na kama Allah akikuchukua usiku huu, nani miongoni mwetu atalifungua kesho? Akiweza kujibu, ashukuriwe. Asipoweza, asilaumiwe yeye, ila kamati ipange siku ya kazi.

Ama yule mama, tumemwendea tukamtaka radhi. Ametusamehe kwa ulimi wake, Allah amlipe. Lakini mpaka tunaandika haya hajarudi kuchukua fungu lake, na mchele wake tunaupeleka kwa mkono wa jirani asiyejua unatoka kwa nani. Hatukupata njia nyingine ya kuirudisha stara baada ya kuivua.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wachungaji wema wa tulivyopewa kuvichunga, atusitiri duniani na Akhera, na amghufirie ndugu yetu aliyeandika majina yale kwa kutaka radhi Zake.

Wabillaahi tawfiiq.